Mwambie Aketi

Asubuhi ya kumzika Mama, jikoni kwake Kibirichia kulijaa wanawake mpaka wengine wakakaa nje juu ya magunia. Mama huyo ni mama mkwe wangu, ingawa miaka mingi imepita tangu nilipoacha kuweka hilo neno la pili. Nilipewa kigoda karibu na mlango na sufuria ya minji, zile njegere mbichi, nichambue pamoja na wenzangu, kwa maana watu walikuwa wengi na chakula kilipaswa kutosha. Tukawa tunaongea mambo ya kawaida, mvua iliyochelewa, bei ya mbegu, mtoto wa nani ameoa wapi. Kisha mama mmoja mbele yangu akapasua ganda, minji zikaangukia sufuria tupu, na mimi bila kufikiri nikainua kichwa nikaangalia uani, kule kwenye ua wa miti. Yule mama akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia hakuna mtu, na nilisema kweli, kwa sababu niliyekuwa namtafuta ni farasi, tena farasi aliyekufa kabla wajukuu wangu hawajazaliwa.

Nilifika boma hilo nikiwa na miaka ishirini, bibi arusi kutoka mtaa wa Dallas mjini Embu. Sisi wa Dallas tulinunua maziwa dukani na kuni tuliziona kwa majirani. Mume wangu, Mugambi, alikuwa amepata kazi Isiolo na nyumba ya kuishi wawili hakuwa nayo bado, kwa hiyo tulikubaliana nikae kwa wazazi wake mwaka mmoja, naye awe anakuja mwisho wa mwezi. Mwaka mmoja si kitu ukiusema. Kuukaa ni jambo lingine. Kibirichia kuna baridi ya kukaa kwenye mifupa, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani ukafunika shamba lote la viazi, nami nasimama mlangoni nikiwa nimejifunga leso mbili na sweta ya Mugambi, nisijue nianze na kazi gani. Jikoni kulikuwa na moshi ulionitoa machozi, na nashukuru kwa huo moshi, maana machozi mengine yalipita humo humo bila mtu kuuliza. Kimeru chao nilikisikia nusu, na Kiembu changu walikicheka, basi tukawa tunakutana katikati kwa Kiswahili cha kila mtu na vile anavyokijua.

Baba mkwe wangu alikuwa amefanya kazi ya usaisi karibu maisha yake yote, kutunza na kufundisha farasi katika shamba kubwa la ngano upande wa Timau. Mwaka uliotangulia arusi yetu, farasi jike aliyekuwa amempanda alikanyaga shimo la mnyama porini, wakaanguka wote wawili. Farasi alivunjika mguu, ikabidi auawe. Mzee alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali na magongo yake, wenye shamba walimwuliza angependa nini cha kumuaga, naye akaomba mtoto wa yule farasi, jike mdogo wa rangi ya udongo mwekundu, ambaye alikuwa hajawahi kufungwa kamba. Watu walitarajia aombe mabati. Mama hakumsamehe kwa hilo kwa muda mrefu, na yule mtoto wa farasi ndiye ambaye Mama hakumsamehe kabisa. Alikuwa akimwita "mtoto wa aliyemvunja mzee," na akipita karibu na ua wake alipita akiangalia upande mwingine.

Sasa, kuna jambo lazima nilieleze, au mengine hayataeleweka. Mzee alikuwa mtu wa zamani katika ile heshima ya wakwe, ambayo Wameru wanaiita nthoni. Wazee wengi wa rika lake walikuwa wameshailegeza, wanasalimia wake za watoto wao kwa mkono na kula nao meza moja. Yeye hapana. Hakunipa mkono, hakula nilipokuwa nakula, na hakuniambia neno moja kwa moja. Akitaka chai kutoka kwangu alimwambia Mama, na Mama alinigeukia akanirudia yale yale, hata kama sote tuko uani na nimesikia kila kitu kwa masikio yangu. Nami nikijibu, nilimjibu Mama, naye akampelekea. Wiki za kwanza niliona ni kama kuchukiwa. Nilimwandikia Mugambi nikalalamika, na aliporudi alicheka akaniambia, "Baba anakuheshimu. Akikuchukia atakusalimia vizuri sana."

Habari ya farasi niliisikia jioni moja nikiwa jikoni nakoroga mukimo wa viazi na mahindi, na wanaume wako upande wa pili wa ukuta wa mbao. Mutwiri, kaka mkubwa wa Mugambi, ndiye aliyekuwa akiendesha shamba tangu mzee aumie. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na punda aliyekufa, barabara ya matope, na viazi ambavyo vingetaka kutoka shambani mwisho wa msimu. "Huyu farasi ni hasara, Baba," akasema. "Anakula kama ng'ombe wawili na hatoi hata kikombe moja ya maziwa." Akaeleza kwamba kuna mtu wa Timau yuko tayari kutoa mtamba wa ng'ombe, wabadilishane, mambo yaishe. Nikamsikia mzee akisogeza magongo yake. Kisha akasema farasi atafundishwa kuvuta mkokoteni. Mavuno yakifika naye hawezi kufikisha viazi kwa lori, Mutwiri amchukue abadilishe, yeye hatasema neno. Mutwiri akauliza ni nani atamfundisha, na wewe una magongo? Mama alikuwa ameketi kando yangu akigeuza moto, na alipoona nimeacha kukoroga akaniambia mukimo utaungua.

Sijui kwa nini nilijitolea. La, najua. Ni kwamba kila alasiri, nilipomaliza kuosha vyombo, nilikuwa naenda kusimama kwenye ua wa farasi kwa sababu huko hakuna aliyenirekebisha. Yeye alisimama kona ya mbali akinitazama kwa jicho moja, amejikunja tayari kukimbia, na mimi nilimtazama, na niliona tuko katika hali moja. Nilimwambia Mama kwamba ningeweza kujaribu. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya," akasema, "hii boma imepata watoto wawili wa kufundishwa." Lakini alienda akamwambia mzee, na kesho yake mzee akaleta kiti chake cha mbao akakiweka karibu na ua, akaketi, akaweka magongo chini, akaanza kazi.

"Mwambie aende aketi pale ndani," alimwambia Mama. "Asimwite. Asimshike. Aketi tu, mpaka farasi achoke kumwogopa." Mama akanigeukia. Alikuwa mwanamke ambaye tangu utoto hakuwahi kuona mtu mzima amekaa mchana bila kazi mkononi, isipokuwa mgonjwa. Akaniambia, "Mzee anasema uende uketi. Sasa keti, lakini usikae bure. Shika hii." Akanipa sufuria na kikapu cha minji. Nikaingia, nikaketi juu ya jiwe, nikaanza kuchambua. Nilidhani ni sehemu ya mafunzo. Nilidhani kule kwenye shamba la ngano masaisi wote huanza na minji. Mzee naye, kama nilivyokuja kujua baadaye, alidhani hivyo ndivyo watu wa Embu wanavyokaa, na kwa heshima akanyamaza.

Basi mwaka wangu ukawa huo. Asubuhi kulima na kuchota maji, alasiri kuketi na farasi. Mwanzoni hakuja. Alizunguka kwa mbali, akapiga kwato, akapumua kwa nguvu, nami nikachambua. Mvua ndogo ikanyesha, nikavaa gunia kichwani nikachambua. Sufuria ikijaa nilipeleka jikoni, tukala minji mpaka Mutwiri akauliza kama kuna mboga nyingine duniani. Kisha siku moja nilisikia pumzi ya joto nyuma ya shingo. Nilitaka kuruka, lakini mzee alikuwa ameshasema, kupitia kwa Mama, kwamba siku atakapokuja nisigeuke. Sikugeuka. Kichwa kikubwa kikapita juu ya bega langu polepole, kikanusa sufuria, na ulimi ukachukua maganda kwenye mapaja yangu. Nilipata furaha ambayo hata arusi yangu haikuwa nayo, na Mugambi anajua hivyo kwa sababu nilimwambia. Nilipoangalia kando, mzee alikuwa ameinamisha uso, anatafuta kitu ardhini ambacho hakikuwepo.

Tangu hapo jina la farasi likawa Minji, na sauti ya minji kuangukia sufuria ikawa ndiyo kumwita. Mafundisho yakaendelea, kila moja likipita njia ile ile ya kona, kutoka kwa mzee kupitia kwa Mama. Mwambie aweke mkono shingoni, si usoni. Mwambie akianza kuogopa aondoe mkono kabla farasi hajauondoa mwenyewe. Mwambie amwonyeshe kamba kwanza, ailaze chini, aiache mpaka ainuse. Mama alinipa yote bila kuacha neno, lakini kila mara aliongeza lake. Mzee akisema nitembee naye taratibu kuzunguka ua, Mama alisema nitembee naye hadi kwa jirani, mama Kendi, nirudi na ungo. Mzee akisema azoee kelele, Mama aliniambia nitwange mahindi karibu naye. Kwa hiyo Minji alijifunza kazi za nyumbani pamoja nami, na nadhani hakuna farasi Meru nzima aliyejua njia ya posho mill, kule kwa kusaga unga, kumshinda. Maneno ya kumwamuru yalikuwa ya Kiswahili, yale ya shambani kwa wazungu, simama, taratibu, haya twende. Mzee aliyasema polepole kama mtu anayesali, nami niliyarudia.

Usiku mzee alipokula na Mama, mimi nikiwa jikoni, alisimulia habari za farasi aliowajua, na alipaza sauti kidogo kuliko mtu aliyeketi kando yake alivyohitaji. Alisema farasi hasahau alipoumizwa. Alisema ukimharakisha leo utamlipa kesho na keshokutwa. Alisema yule aliyemwangusha hakuwa na kosa, ni shimo, na kwamba alipolala pale chini hajui kama amekufa, yule farasi aliyevunjika mguu alimgeuzia kichwa akamnusa. Nilisikia tu kijiko cha Mama kimesimama kwenye sahani.

Kosa lililotuponza lilikuwa la watu wanaojua punda. Mavuno yalikaribia, Mutwiri akaona tunachelewa, na siku moja nilipokuwa nimeenda kanisani kufagia, alichukua nira ya yule punda aliyekufa, ule mti unaokaa shingoni, akamfunga Minji na kumpeleka na mkokoteni mtupu. Punda wote wa Kibirichia huvuta hivyo. Lakini farasi husukuma kwa kifua na mabega, na ule mti ulimkandamiza koo. Niliporudi nilimkuta kona ya mbali, ngozi ya bega imechubuka, ananitazama tena kwa jicho moja. Nilichukua sufuria nikaketi. Hakuja. Siku iliyofuata hakuja. Nililia wazi, bila moshi wa kunisitiri, nikamwambia Mama nataka kurudi Embu, farasi apelekwe Timau, mimi kazi hii imenishinda. Mutwiri alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala, na naweza kusema kwa haki kwamba hata yeye hakuonekana mwenye kushinda.

Mama alienda kwa mzee, wakanong'onezana muda mrefu, kisha akarudi na magunia mawili, blanketi kuukuu na sindano ile kubwa ya kushonea magunia ya viazi. Akaketi chini jikoni, miguu ameinyoosha. Akakunja gunia, akalijaza majani makavu ya ngano, akalizungushia blanketi, akashona. Mzee alikuwa nje ya mlango akimwelekeza upana na pa kuacha nafasi ya koo. Ilikuwa kola ya farasi, mto wa kukaa mabegani badala ya nira. Alishona mpaka vidole vikavimba, na alipomaliza aliigeuza geuza mikononi akaniambia, "Mzee anasema uanze tena kuketi." Nikangoja nione ataongeza nini. Akaninyooshea sufuria, halafu akaingia mwenyewe ndani ya ua, kwa mara ya kwanza, akaketi kando yangu na kikapu chake. Tulichambua wawili. Sauti ilikuwa mara mbili, na labda ndiyo iliyomleta Minji.

Viazi vikafika wakati wake, na mvua ikafika navyo. Lori la mnunuzi lilisimama ng'ambo ya kijito kwa sababu barabara ya huku lisingeiweza, na kati yetu na lori palikuwa na daraja la mbao. Mzee alikuwa ametuma neno kwamba Minji apakiwe magunia mawili tu kila safari. Mama alitangulia ng'ambo kulinda bei na mizani, kwani mnunuzi alimwogopa yeye kuliko Mutwiri. Tulishuka vizuri, mimi kichwani pa Minji, Mutwiri nyuma akizuia mkokoteni, na kola ya Mama imekaa mahali pake. Kisha kwato ya kwanza ikagonga ubao wa daraja, ukalia kwa chini kama ngoma, na Minji akarudi nyuma akasimama. Nikamwambia twende. Nikamvuta kamba kidogo. Macho yakaanza kuwa meupe. Ng'ambo wapakiaji walikuwa wanapiga kelele kwamba mvua inaongezeka, dereva akapiga honi, na nilimsikia Mutwiri anavunja fito kwenye ua wa shamba. Nilijua fito ile ikishuka mara moja tu, mwaka wangu wote umekwisha, na Minji atalala Timau.

Mzee alikuwa ameteremka na magongo yake mpaka mwanzo wa mteremko, akasimama kwenye matope juu yetu. Nilimwona anaangalia ng'ambo, anamtafuta Mama. Mama alikuwa mbali, amegeukia mizani, na kijito kilikuwa kinanguruma. Akafungua mdomo, akafunga. Akanitazama mimi, uso kwa uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipoingia boma lake.

"Wawira," akasema. "Keti chini."

Niliketi pale pale, juu ya mbao zilizolowa, hatua chache ndani ya daraja, nikampa Minji mgongo. Sikuwa na sufuria wala minji. Niliweka mikono mapajani nikaichezesha kama mtu anayechambua, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuketi. Honi ikanyamaza. Nyuma yangu nilisikia Mutwiri ameitupa fito majini. Na nilingoja, nimelowa mpaka kwenye ngozi, nikiwa na amani ambayo sijui ilitoka wapi, mpaka ubao ukalia, na ukalia tena karibu zaidi, na pumzi ya joto ikafika shingoni. Nikasimama bila kugeuka, nikatembea. Magurudumu yakaja nyuma yangu.

Jioni ile jikoni Mama alinimiminia chai kabla ya kila mtu. Tukanywa. Kisha akasema, "Nimesikia mzee amekuita."

"Ndiyo, Mama."

"Hakuwa na mtu ya kutuma." Akasukuma kuni ndani. "Kesho ataniambia mimi tena."

Na ilikuwa hivyo. Hakuwahi kunitaja tena kwa jina, hata nilipozaa, hata nilipomuuguza miaka yake ya mwisho na kumlisha uji kwa kijiko, Mama akiwa kando akinipelekea maneno yake. Sikuona tena kwamba ni kuchukiwa. Minji alivuta viazi vya boma lile mpaka akazeeka, na aliyemlisha mkononi alipokosa meno ni Mama, akimsagia mahindi huku akimtukana. Mimi nilienda Isiolo mwaka ulipokwisha, kisha Meru mjini, nikalea watoto, nikafundisha madarasa ya watoto wa watu, na kila mtoto aliyenikimbia akajificha kona nilimwekea kiti karibu nikaketi na daftari zangu nikisahihisha. Walikuja. Watu wamenisifu kwa uvumilivu, nami nimepokea sifa ambazo si zangu peke yangu.

Tulipokwisha kumzika Mama, kando ya mzee, watu wakaenda kula. Mugambi alinishika kiwiko, nikamwambia atangulie. Kulikuwa na makaburi mawili, moja la majani na moja la udongo mpya. Kuna neno nililotaka kumwambia mzee tangu siku ya daraja, na sikuwahi kulisema kwa sababu heshima haikuniruhusu, na sikuona haki kuivunja sasa ambapo hawezi kuinamisha uso. Nikaketi chini, nikaligeukia lile kaburi jipya.

"Mama," nikasema, "mwambie Baba asante."

Nikabaki hapo kidogo nikingoja, maana Mama hakuwahi kufikisha ujumbe bila kuongeza lake.